Stanley Rous, Mwamuzi wa Mpira

Jioni yoyote ile, iwe Amaan mjini Unguja au Gombani kisiwani Pemba, mtazamaji akiacha kidogo kuufuata mpira na badala yake akamfuata mwamuzi kwa macho, ataona kuwa mtu yule hakimbii ovyo. Huenda hanamu, kutoka karibu na kona moja ya uwanja hadi karibu na kona inayoikabili, akirudi na kwenda kama mtu aliyechorewa njia. Washika vibendera nao, kila mmoja amepewa nusu yake ya mstari wa pembeni, tena katika upande ule ambao mwamuzi hafiki. Kwa mpango huo mpira huwa kati ya mwamuzi na mmoja wa wasaidizi wake karibu wakati wote, na rafu inayofichwa mgongoni mwa mchezaji mbele ya jicho moja huonekana na jicho la pili.

Wapo waamuzi wetu wengi wanaokwenda mwendo huo bila ya kujua umetoka wapi. Ulitengenezwa na kuenezwa na mwalimu wa skuli wa Kiingereza, Stanley Rous, aliyefariki mwaka 1986. Tunajua kuwa watakuwapo wasomaji watakaouliza gazeti la visiwani lina haja gani ya kumtolea wino Mwingereza, tena yule yule ambaye Afrika ilimpigia kura ya kumwondoa kwa sababu ya makaburu. Tunawaomba wasubiri. Jambo hilo tutalifikia, na hatutalipita kwa mbio.

Stanley Ford Rous alizaliwa tarehe 25 Aprili 1895 katika kijiji cha Mutford, jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, si mbali na bandari ya wavuvi ya Lowestoft. Baba yake alikuwa na duka la vyakula. Hakutokana na mabwanyenye, wala hakusoma katika vyuo vikuu vile viwili mashuhuri ambavyo kwa karne nyingi vimewatolea Waingereza watawala wao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa kijana anayeanza ualimu. Akaingia katika kikosi cha mizinga, akapelekwa Ufaransa, na baadaye Misri na Palestina. Aliporudi alisomea ualimu katika chuo cha St Luke's mjini Exeter, na mwaka 1921 akaajiriwa katika skuli ya wavulana ya mji wa Watford kuwa mwalimu wa michezo.

Mwenyewe alikuwa mlinda mlango wa ridhaa, mtu mrefu kupita wengi, lakini kifundo cha mkono kilichoumia kilimnyima mustakabali wa kucheza. Akashika kipenga. Katika mwaka 1927 aliingizwa katika orodha ya waamuzi wa Ligi ya Uingereza, na mwaka huo huo akachezesha mchezo wake wa kwanza wa kimataifa, Ubelgiji na Uholanzi, katika mji wa Antwerp. Hadi alipoacha alikuwa amechezesha michezo ya kimataifa zaidi ya 30. Ieleweke kuwa zama hizo uamuzi haukuwa kazi ya kumlisha mtu. Mwamuzi alipewa ujira mdogo na nauli, na Jumatatu asubuhi Rous alikuwa mbele ya wanafunzi wake Watford kama mwalimu mwingine yeyote. Katika hilo waamuzi wetu wa leo, ambao wengi wao ni walimu, askari na makarani, watajiona wenyewe.

Hapa inafaa tueleze kidogo uamuzi ulikuwaje kabla yake. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu, kila timu ilikuja na mwamuzi wake, nao wawili wakisimama uwanjani. Wakihitilafiana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Kwa maneno mengine, kila mshitakiwa alikuja na hakimu wake. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu akaingizwa ndani na kupewa mamlaka yote, na wale wawili wakatolewa pembeni na kukabidhiwa vibendera. Lakini hakuna aliyewapangia namna ya kufanya kazi pamoja. Mwamuzi alikimbia apendako, na washika vibendera mara nyingi hawakuwa na kazi zaidi ya kuonyesha mpira umetoka. Rous, kwa akili ya mwalimu anayejua kuwa darasa la watoto 40 halichungwi kutoka mahali pamoja, aligawa uwanja. Mshika kibendera akawa na nusu moja tu ya kukimbia, akaweza kusimama sambamba na mlinzi wa mwisho na kuona nani ameotea na nani hakuotea. Mwamuzi akaacha kubahatisha. Ni jambo jepesi, na pengine kwa wepesi wake ndipo lilipokawia kufikiriwa.

Kilele cha uamuzi wake kilikuwa fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza, tarehe 28 Aprili 1934, uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya 93,000. Portsmouth walitangulia kwa bao moja, na Manchester City wakarudisha na kushinda 2-1 kwa mabao mawili ya Tilson dakika za mwisho. Mlinda mlango wa City, Frank Swift, kijana wa miaka 20, alizimia kwa furaha kipenga cha mwisho kilipolia. Mwaka huo huo Rous aliacha uamuzi. Hakuacha kwa kuchoka; alichaguliwa kuwa Katibu wa Chama cha Mpira cha Uingereza, kazi iliyokuwa imeshikwa na mtu mmoja tu, Frederick Wall, tangu mwaka 1895. Mwamuzi akahama kiwanjani akaenda kukaa nyuma ya meza.

Kazi yake kubwa ya mezani ilikamilika mwaka 1938. Kanuni za mpira zilizoanzia mwaka 1863 zilikuwa zimeongezwa, zimepunguzwa na kutiwa viraka kwa miaka 75, hata mtu akitaka kujua hukumu ya jambo moja ilimbidi afunue mahali pengi. Rous alizikusanya zote, akazipanga upya na kuziandika kwa lugha fupi katika kanuni 17, na Bodi ya Kimataifa ikazikubali. Hakubuni mchezo mpya; alichofanya ni kuupa mchezo kitabu kinachosomeka. Tangu hapo Kanuni ya 11 ni kuotea, ya 12 ni rafu na utovu wa adabu, ya 14 ni penalti, na mwamuzi wa Makunduchi akikutana na mwamuzi wa Montevideo wanaweza kufahamiana kwa tarakimu peke yake. Maandishi yale yalitumika kwa karibu miaka 60, hadi yalipoandikwa upya mwaka 1997, na hata baada ya hapo kanuni zikabaki 17. Tungependa watendaji wetu wanaotunga nyaraka za serikali, zile ambazo mwananchi husoma mara tatu na bado akaenda ofisini kuuliza, wamfikirie mtu huyu japo kwa dakika moja.

Mwaka ule ule wa kanuni 17 ulikuja na jambo jengine. Mwezi wa Mei 1938 timu ya Uingereza ilikwenda Berlin kucheza na Ujerumani ya Hitler, naye Rous alikwenda nayo kama Katibu. Balozi wa Uingereza katika mji ule alishauri kuwa wachezaji wanyooshe mkono kwa saluti ya Kinazi wakati wimbo wa Ujerumani unapopigwa, ili wenyeji wasiudhike. Rous akakubali na wachezaji wakaambiwa. Wakanyoosha. Uingereza ilishinda 6-3, lakini hakuna anayekumbuka mabao. Kinachokumbukwa ni ile picha. Tunalitaja tukio hili kwa sababu mtu huyu, kwa muda wote wa maisha yake, alishikilia kuwa michezo na siasa ni vitu viwili vilivyotengwa kwa mstari. Siku ile Berlin, siasa ilipoombwa kuingia uwanjani, ni yeye aliyeifungulia mlango.

Vita vya Pili vilipokwisha Rous alikuwa miongoni mwa waliofanya juhudi kubwa ya kuvirudisha vyama vya mpira vya Uingereza katika Shirikisho la Dunia, FIFA, ambalo vilikuwa vimelisusa tangu mwaka 1928. Vilirudi mwaka 1946. Tarehe 10 Mei 1947 ukachezwa mchezo wa kusherehekea mapatano hayo mjini Glasgow, timu ya Uingereza nzima dhidi ya wachezaji wa Ulaya nyingine, mbele ya watu zaidi ya 130,000. Waingereza walishinda 6-1, na mapato yakaiokoa FIFA ambayo vita vilikuwa vimeiacha mikono mitupu.

Msomaji wa visiwani ayazingatie mapatano hayo. Dola ya Uingereza ni moja, ina kiti kimoja katika Umoja wa Mataifa. Lakini ilirudi FIFA ikiwa na viti vinne: Uingereza yenyewe, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, na viti hivyo vingali vipo. Sisi wa Zanzibar, ambao timu yetu ilishiriki mashindano ya Afrika Mashariki tangu enzi za Kombe la Gossage, na iliyotwaa Kombe la Challenge nchini Uganda mwaka 1995, tulikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Afrika mwezi wa Machi 2017, na mwezi wa Julai mwaka huo huo tukavuliwa uanachama kwa hoja kuwa Zanzibar si nchi inayotambuliwa kimataifa. Hatuyasemi haya kuutilia ufa Muungano, ambao ni msingi wetu. Tunasema tu kuwa Wales nayo haina balozi wala bendera pale New York, na ikacheza Kombe la Dunia mwaka 1958 na mwaka 2022. Wakuu wetu wanaokwenda kulizungumza suala hili katika vikao vya nje wanafaa waende wakiyajua mapatano ya mwaka 1946, na jina la aliyeyahangaikia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya heshima. Alianzisha mafunzo rasmi ya makocha na waamuzi, akamleta Walter Winterbottom kuwa mwalimu wa kwanza wa timu ya taifa, akapewa cheo cha Sir mwaka 1949. Rais wa FIFA, Arthur Drewry, alipofariki mwaka 1961, Rous alichaguliwa kushika nafasi yake tarehe 28 Septemba ya mwaka huo. Alikuwa na umri wa miaka 66. Hatujui mwamuzi mwengine aliyepanda ngazi kutoka kipenga hadi kiti kile cha juu kwa sifa kama zake, na hata maadui zake hawakumtuhumu kuwa alitia mkono katika sanduku la fedha.

Sasa tuingie katika suala la Afrika Kusini.

Shirikisho la Mpira la Afrika liliundwa mjini Khartoum mwezi wa Februari 1957 na nchi nne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilipoandaliwa pale pale, makaburu walisema wataleta timu ya wazungu watupu au timu ya weusi watupu, lakini mchanganyiko kamwe. Wakatolewa, na mashindano yakachezwa na nchi tatu. Kwa Waafrika shauri lilikwisha siku ile. Kwa FIFA ndipo lilipoanza. Mkutano Mkuu wa mwaka 1960 mjini Rome uliwapa makaburu mwaka mmoja wa kuondoa ubaguzi. Haukuondolewa, na mwaka 1961 chama chao kikasimamishwa.

Mwezi wa Januari 1963 Rous, akifuatana na mjumbe mmoja kutoka Marekani, alikwenda Afrika Kusini kuchunguza. Aliwaona viongozi wa chama cha wazungu, na pia aliwaona wale wa shirikisho lililopinga ubaguzi, lililokuwa na wachezaji wengi kuliko wa wazungu. Ripoti yao ilisema kwamba chama cha wazungu hakiwezi kulaumiwa kwa sheria za serikali yake, na kwamba hao wanaokipinga wanatafuta siasa zaidi ya mpira. Kamati ya Utendaji ikaondoa adhabu. Wazungu, kwa kuona wamefunguliwa, wakatoa mpango wao: Kombe la Dunia la 1966 watapeleka timu ya weupe, na la 1970 watapeleka timu ya weusi. Hatuna haja ya kuueleza zaidi mpango huo.

Tujiulize, mtu aliyeandika kanuni 17 kwa usawa ule, hata hakuna hata moja kati yake inayotaja rangi ya mchezaji, alikosea vipi hesabu hii? Wapo wanaosema alikuwa mbaguzi tu, basi. Sisi tunaona jibu hilo ni jepesi mno, na linamsamehe kwa kumfanya mtu wa kawaida wa zama zake. Rous alikuwa mwamuzi hadi ndani ya mifupa. Mwamuzi amefundishwa kuwa mamlaka yake yanaishia kwenye mstari wa chokaa. Yanayotokea nje ya lango, nani amezuiwa kuingia na nani amepigwa na polisi akija, hayamo katika kitabu chake. Alilitazama shauri la Afrika Kusini kwa jicho hilo: chama kimesajiliwa, ada imelipwa, katiba ipo, kwa hiyo mchezo uendelee. Kwamba nusu ya wachezaji hawakuruhusiwa kuingia uwanjani, hilo alilihesabu kuwa la serikali. Hakuna upofu ulio mgumu kutibika kuliko wa mtu anayeamini anatimiza kanuni.

Yaliyofuata Waafrika waliyafanya wenyewe. Mwezi wa Januari 1964, Januari ile ile ya Mapinduzi yetu, FIFA iliamua kuwa Afrika, Asia na Oceania zigawane nafasi moja tu kati ya 16 za Kombe la Dunia la Uingereza. Yaani bingwa wa Afrika nzima angelazimika kucheza tena na bingwa wa Asia ndipo apate kiti. Ohene Djan wa Ghana, akiungwa mkono na Rais Kwame Nkrumah, na Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia walilikataa jambo hilo, na pamoja nalo suala la makaburu. Katika Mkutano Mkuu wa Tokyo, Oktoba 1964, wajumbe wa Afrika walikuja wengi kuliko ilivyopata kutokea, Asia na nchi za kisoshalisti zikasimama nao, na Afrika Kusini ikasimamishwa tena kinyume cha matakwa ya Rais wa mkutano. Nafasi ya Kombe la Dunia haikubadilishwa. Basi nchi 15 za Afrika zikajitoa zote kwa pamoja. Tanzania, iliyojiunga na FIFA mwaka huo huo wa 1964, haikuwa imeandikisha timu, kwa hiyo hatuwezi kujipamba kwa fahari isiyo yetu. Ghana, bingwa wa Afrika wa mwaka 1963, ndiyo iliyopoteza zaidi, na juu ya hayo ikatozwa faini.

Hivyo Kombe la Dunia la mwaka 1966 lilichezwa Uingereza, nyumbani kwa Rous na mbele ya macho yake, bila ya nchi hata moja ya Afrika. Lakini Waafrika walikuwapo. Walivaa jezi ya Ureno. Eusébio da Silva Ferreira, mtoto wa Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, alifunga mabao tisa na kuwa mfungaji bora. Manne kati ya hayo aliwafunga Korea ya Kaskazini katika mchezo ule ambao Ureno ilikuwa nyuma 3-0 na ikashinda 5-3. Nahodha wake, Mário Coluna, alikuwa wa Msumbiji pia. Wakati huo vijana wengine wa Msumbiji walikuwa nchini kwetu, Nachingwea na Kongwa, wakifundishwa kushika bunduki. Kanuni za Rous ziliruhusu Msumbiji icheze Wembley kwa sharti moja, nalo ni kuwa isijiite Msumbiji.

Msuso ule ulizaa matunda: kwa fainali za Mexico mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake kamili, na Morocco ikaichukua. Katika fainali hizo hizo ndipo zilipoanza kutumika kadi za njano na nyekundu, wazo la mwamuzi Ken Aston, mwalimu wa skuli naye, aliyelipata kwenye taa za barabarani.

Tuna kisa kimoja cha kisiwa, nacho kinawahusu watu wa visiwa. Katika gereza la Kisiwa cha Robben, mbele ya Cape Town, wafungwa wa kisiasa waliomba kwa miaka mitatu waruhusiwe kucheza mpira siku za Jumamosi, na wakaadhibiwa kwa kuomba. Mwishoni mwa mwaka 1967 wakaruhusiwa. Wakaunda chama, wakakiita Makana kwa jina la shujaa wa Waxhosa aliyefungwa huko na Waingereza katika karne ya 19. Wakawa na ligi yenye madaraja, kamati ya nidhamu, kamati ya rufaa na chama cha waamuzi, na mambo yote yakiandikwa kwa barua rasmi kutoka chumba kimoja cha jela kwenda chengine. Jacob Zuma alikuwa miongoni mwa wachezaji na waamuzi wao. Nelson Mandela na wenzake waliotengwa hawakuruhusiwa kucheza. Walitazama kwa mbali, hadi walipojengewa ukuta. Na kanuni walizozifuata kwa ukamilifu, bila ya kuruka hata moja, zilikuwa zile 17 za FIFA. Watu waliofungwa maisha walikaa usiku wakibishana kuhusu tafsiri ya kuotea. Walimchukua Rous kwa upande wake uliokuwa bora, wakauacha ule mwengine. FIFA iliwapa uanachama wa heshima mwaka 2007.

Rous mwenyewe hakujifunza. Mwaka 1973 alitaka timu za nje ziruhusiwe kwenda kucheza katika tamasha la michezo la makaburu, na kibali hicho kikafutwa baada ya kelele za Afrika. Mwezi wa Septemba mwaka huo jeshi la Chile lilimpindua Rais Allende, na Uwanja wa Taifa wa Santiago ukageuzwa kambi ya mateso. Timu ya Urusi ya Kisovieti, iliyopangiwa kucheza hapo mchezo wa kufuzu, iliomba mchezo uhamishiwe nchi nyingine. FIFA ikatuma wajumbe. Wakaoneshwa uwanja wakati wafungwa wengine wamefichwa chini ya majukwaa, wakaripoti kuwa hali ni shwari. Warusi wakakataa kwenda. Tarehe 21 Novemba 1973 wachezaji wa Chile waliingia peke yao, wakapasiana mpira hadi lango lisilo na mlinda mlango, wakafunga, na mwamuzi akapiga kipenga. Kanuni zilifuatwa.

Miezi saba baadaye, tarehe 11 Juni 1974, Mkutano Mkuu wa FIFA ulikutana Frankfurt. João Havelange wa Brazil alikuwa amezunguka Afrika na Asia akiahidi nafasi zaidi katika Kombe la Dunia, misaada ya mafunzo, na mlango uliofungwa kwa makaburu. Rous, mwenye miaka 79, hakuona haja ya kuzunguka. Aliamini rekodi yake inatosha. Katika duru ya pili Havelange alishinda kwa kura 68 dhidi ya 52. Miaka miwili baadaye, mjini Montreal, Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa.

Haki inatutaka tuseme kuwa aliyeshinda siku ile hakuwa mtakatifu. Ahadi zake kwa Afrika alizitimiza: mwaka 1982 timu ziliongezwa hadi 24, Afrika ikapata viti viwili, na Algeria ikaishangaza dunia kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Lakini chini yake fedha za matangazo ziliingia kama mafuriko, na mwaka 2013, akiwa mzee wa miaka 96, alilazimika kujiuzulu urais wa heshima kwa sababu ya rushwa iliyothibitishwa. Wapo leo Ulaya wanaoitumia rushwa hiyo kumsafisha Rous na kuwasuta Waafrika kwa kura zao. Hatukubaliani nao. Mwafrika wa mwaka 1974 aliletewa mbele yake mtu mmoja safi wa mikono aliyemwambia asubiri nje, na mwengine aliyemfungulia mlango. Hakuulizwa lolote zaidi.

Rous alipewa urais wa heshima, akaandika kumbukumbu zake mwaka 1978, akaendelea kuhudhuria michezo akiwa mtu mrefu, mnyoofu, mwenye adabu kwa kila aliyemsalimu. Walioshughulika naye, hata wale waliompinga, walikubali kuwa alikuwa muungwana. Alifariki London tarehe 18 Julai 1986, akiwa na umri wa miaka 91, wiki tatu baada ya fainali za Mexico ambako Morocco ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuvuka duru ya kwanza. Siku aliyofariki, Mandela alikuwa akitimiza miaka 68 katika jela ya Pollsmoor, alikohamishiwa kutoka Kisiwa cha Robben. Afrika Kusini ilirudishwa FIFA mwaka 1992, ikiwa na chama kimoja cha watu wa rangi zote.